Mnana Mdogo Kwenye Picha



Vijana wenzangu, huku Mofu ukipiga picha ya ndege kwa simu, mara nyingi unapata matete, anga, na nukta ya manjano. Nukta hiyo huenda ni mnana wa Kilombero, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 tu, na makao yake ni bonde letu hili. Sasa, nimkuze? Nisogee? Nifute vinavyonisumbua?

Kukata picha sioni dhambi. Ila ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, inabaki robo tu, na simu zetu hizi ukivuta zaidi unapata ukungu. Ndiyo maana wengi tunasogea. Lakini wakati wa viota, kusogea ni kukanyaga matete yanayovibeba. Jike anaruka, mayai yanapoa. Kwa ajili ya status? Hapana jamani.

Afadhali abaki mdogo, ila apangwe vizuri. Muweke pembeni kidogo, akitazama upande wenye nafasi. Nenda asubuhi, jua likiwa chini. Inama mpaka nyuma yake pawe na anga badala ya majani, na jicho litamwona lenyewe. Katika Mathayo sura ya 10, Yesu akitaka kuonyesha Baba anavyojali, anamtaja shomoro, wa bei ya chini kabisa sokoni. Hakuhitaji tai.

Penye ugumu ni kufuta. Programu za siku hizi zinaondoa chochote: nyaya, ng'ombe, hata shamba la mpunga. Ukiongeza mwanga, sawa, maana jicho nalo huzoea giza. Ukiufuta mpunga, umesema mnana anaishi mahali pasipo watu. Bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2002, na bado tunalima humo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mpunga. Ukiuondoa, umewaondoa wazazi wetu, na pamoja nao lile swali gumu la wapi tulime na wapi tuyaache matete.

Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Utaniambia ndege si jirani. Haya, tuliache hilo, mkulima je?

Mimi zangu naziacha na mpunga wake. Chini naandika Mofu, tarehe, na kama mnana alikuwa anajenga.