Sheria Nyepesi, Nyepesi kwa Nani?

Kila inapozungumzwa habari ya kurekebisha sheria za vileo, husikika neno moja: sheria mpya itarahisisha kazi. Fomu zitapungua, safari za ofisini zitapungua, na leseni itatoka upesi. Sisi hatupingi wepesi. Lakini yatupasa tuulize kwanza: wepesi huo ni wa nani?

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kanuni za darasani ziwe chache na ziwe wazi. Hayo ni kweli. Lakini tulipoingia kazini tuliona kwamba iko kanuni nyepesi kuliko zote: kelele zikisikika, adhibu darasa zima. Hakuna kuuliza, hakuna ushahidi. Dakika tano na kazi imekwisha. Tulifanya hivyo zaidi ya mara moja, na mpaka leo twazikumbuka nyuso za watoto ambao hawakufungua vinywa vyao. Wepesi ulikuwa wetu, uzito ulikuwa wao.

Nchi yetu ya Kenya nayo imepita njia hiyo. Mwaka 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kuandika marufuku hakukuwa na taabu, lakini chang'aa haikwisha. Ilipikwa kwa siri, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kupima kilichomo ndani ya pipa. Mwaka 2010 Bunge liliifuta sheria hiyo, pamoja na ile ya zamani ya leseni za vileo, likaweka sheria moja ya kudhibiti vileo vyote. Chang'aa ikaruhusiwa kutengenezwa kwa leseni. Baa ikatakiwa iwe mbali na shule za watoto, si chini ya mita 300. Kumwuzia kileo mtu asiyetimiza miaka 18 kukawa kosa. Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti kazi ya kutoa leseni. Wepesi wa namna hii ni mwema, kwa maana mwananchi wa kawaida aliweza kujua sheria yasema nini.

Hata hivyo, mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe yenye methanoli huko Embu, Kiambu na kwingineko. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni macho ya kuisimamia.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ofisi nayo ikisifiwa kwa wingi wa leseni ilizotoa kwa siku, itaacha kukagua. Basi tukirekebisha sheria, tupunguze mihuri isiyo na maana, lakini tusiguse hatua ile moja ya polepole iliyowekwa mwaka 2010: kwamba maombi ya leseni yatangazwe, na mtu yeyote awe na haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi. Mwenye haraka huiona hatua hiyo kuwa kikwazo. Lakini kwa mama ambaye ukuta wa nyumba yake unapakana na ukuta wa baa, na watoto wake hawalali kwa muziki, huo ndio mlango wake wa kuingilia. Tukiufunga, karani atapumzika, lakini mama hatalala.

Sasa tuseme na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tangazo la namna hiyo lilibandikwa ubaoni karibu na kwetu. Tulipita mbele yake mara nyingi. Wengine tulilisoma. Hatukuandika hata mstari mmoja. Baa ilipofunguliwa tulikaa chini ya mwembe baada ya ibada tukalalamika kwamba serikali haitusikii. Lakini ingesikia nini, nasi tulinyamaza?

Hatusemi kwamba kila anayeuza kileo ni adui. Huku Pwani wako wagema waliosomesha watoto wao kwa mnazi, na baadhi ya watoto hao tuliwafundisha sisi. Mwombaji asiye na kasoro apewe leseni yake bila kuzungushwa, maana hiyo nayo ni haki. Kumchelewesha ili atoe chochote ni dhambi sawasawa na kumpitisha asiyestahili.

Kwa hiyo siku utakapoliona tangazo ubaoni, simama ulisome. Uliza baa hiyo itakuwa wapi, na ni akina nani wanaokaa karibu nayo. Ukiona lina madhara, andika barua, utie sahihi yako. Karatasi na kalamu si ghali. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu upesi, na jibu lake lilikuwa jepesi mno. Sisi tusijibu hivyo.