Mwenda Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani

Watu wa pwani aghalabu huitamka methali hii wamkanyapo kijana anayeondoka kwao kwa kiburi, kana kwamba maana yake ni vitisho tu: nenda utakako, utarudi na utatukuta. Sikatai kwamba maana hiyo imo, lakini naona kuwa ni ganda la methali, na kwamba kiini chake kimelala ndani zaidi, mahali ambapo hapafikiwi na mtu asiyejua chombo cha bahari kilivyoundwa na jinsi watu wanavyoishi ndani yake.

Tezi ni nyuma ya jahazi, akaapo nahodha na usukani wake; omo ni mbele, chombo kikatapo mawimbi; na ngama ni tumboni, mahali pa chini ambapo maji yapenyayo katika mbao hukusanyika, hata mbao hizo zikiwa zimekalafatiwa na fundi hodari. Huko ndiko mabaharia hushuka kwa zamu, usiku na mchana, wakayateka maji kwa upo na kuyamwaga baharini, kwa sababu jahazi lisilofuliwa maji huzama, hata likiwa na nahodha mwerevu na tanga zuri. Basi asomaye methali kwa haraka akadhani kwamba ngama imetajwa kwa kuwa ni mahali pa kujinyoosha baada ya matembezi, amekosea. Tezini pana heshima ya kuamuru, na omoni pana furaha ya kuona ncha ya nchi mpya; ngamani pana kazi, kazi ya chini, isiyoonwa na isiyokwisha, ambayo kwayo wote walio juu hupata kuelea. Wahenga hawakumwahidi msafiri pumziko. Walimwambia kwamba atarudi penye dhima.

Huenda msomaji akastaajabu nikiitwaa methali ya mabaharia nikaipandisha hadi Mwakiro, katika milima ya Muyinga, nchini Burundi, ambako hakuna bahari. Walakini Kiswahili kimekuwako huko tangu zamani, kwa wachuuzi na askari, na hasa tangu Wajerumani wahamishie makao yao ya utawala Gitega, waliyoiita Kitega, mwaka 1912. Na mpaka leo katika miji ya Gitega na Muyinga hutamkwa methali za pwani na watu ambao hawajapata kuliona jahazi. Tena nchi isiyo na bahari huwa na mabaharia wa namna yake, nao ni madereva wa malori. Sehemu kubwa ya mafuta, nguo na bidhaa nyingine za ng'ambo zitumiwazo huko hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, zikapakiwa katika matela na kupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hata zikafika Kabanga wilayani Ngara na kuvuka mpaka kuingia Kobero, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya gurudumu kukanyaga ardhi ya Muyinga. Dereva afanyaye kazi hiyo kwa miaka mingi hana nyumba ila kabini. Humo hulala, kwenye kitanda chembamba nyuma ya kiti. Ubavuni mwa lori hupika kwa jiko dogo pamoja na utingo wake. Humo huweka msahafu au rozari yake, karatasi za forodha, na picha za watoto. Ana nyumba Mwakiro, ni kweli, lakini huifikia kama afikavyo mizani: hupimwa, huulizwa habari, huondoka.

Kisha siku moja macho yake huanza kufifia, au mgongo hukataa, au mwenye mali hununua kichwa kipya cha lori na kumpa kijana, naye hurejea nyumbani moja kwa moja. Hapo ndipo methali inapoanza kumhusu. Usiku hulala kwenye kitanda kipana asipate usingizi, kwa kuwa kimya cha mlimani ni kikubwa kuliko alivyozoea, na saa tisa huzinduka akidhani foleni ya mpakani imesogea. Mchana hajui la kushika. Katika kabini kila kitu kilikuwa karibu na mkono wake, na kila kitu alikiweka yeye. Nyumbani vyombo vina mahali palipochaguliwa na mwingine, watoto wana desturi alizozifundisha mwingine, na majirani wana maafikiano ya mipaka na maji yaliyofanywa naye akiwa Singida. Njiani alihesabu wakati kwa vituo na fedha kwa safari. Hapa wakati huhesabiwa kwa mvua, na fedha huja kwa msimu, kahawa ikivunwa au maharagwe yakipata bei. Mtu aliyekuwa akifanya shauri peke yake usiku kucha, juu ya mteremko na breki na uzito wa tani nyingi nyuma ya mgongo wake, sasa hushindwa kuamua kama ndizi zile zikatwe leo au kesho.

Sharia ya Kiislamu ina jambo la kutufunza hapa, nami nalipenda kwa uadilifu wake. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala: adhuhuri, alasiri na isha zilizo rakaa 4 huzisali 2. Lakini arejeapo watani wake ruhusa hiyo hukatika mara afikapo, wala hapewi muhula kwa sababu ya uchovu; sala ifuatayo huisali kamili. Maana yake ni kwamba safari ilikuwa udhuru, na udhuru huisha mlangoni. Dereva wetu, bila kujua, aghalabu hutaka udhuru uendelee. Miezi hupita akisema kwamba amechoka na barabara, akingoja kupewa maji ya kuoga na chakula cha moto kama alivyokuwa akipewa alipokuja kwa siku mbili, na jamaa zake, kwa mapenzi, humpa, wakamfanya mgeni wa kudumu katika nyumba aliyoijenga kwa fedha zake. Naona huu ni msiba kwa pande zote mbili. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na katika Mwakiro jembe si mfano wa maneno, ni jembe hasa, maana huko anayekula kunde bila kujulikana katika shamba la kunde hawezi kujiona mtu mzima kwa muda mrefu.

Lakini jembe lina adabu yake pia. Mtume ametufunza kwamba msafiri aliyekuwa mbali kwa muda mrefu asiwashitukize ahali zake kwa kuingia usiku bila habari, ili walio nyumbani wapate nafasi ya kujiweka tayari. Na mafunzo hayo hayakuja kwa ajili ya nywele na mavazi peke yake. Yanakiri kwamba nyumba iliyoachwa haikusimama ikingoja. Mwanamke aliyebaki Mwakiro alishika tezi siku zote hizo: alilipa karo, aliuguza, alizika, aliuza, alikopa na kulipa. Mume arejeaye akataka usukani siku ya kwanza, eti kwa kuwa aliendesha lori kubwa katika nchi tatu, huwa hajaielewa methali hata neno moja. Haikusema marejeo ni tezini. Ashuke kwanza ngamani, ashike upo, ayajue maji ya nyumba hiyo hupenyea wapi.

Historia imetuachia wasafiri wawili wanaofaa kutajwa. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaenda mpaka Bara Hindi na Uchina, na aliporudi Moroko mwaka 1349 alikuta mama yake amekufa kwa tauni muda mfupi kabla ya kufika kwake; baba yake alikuwa amefariki zamani. Hakuweza kutulia, alitoka tena kwenda Andalusia na Mali. Ni baadaye tu, alipokaa Fez na kusimulia safari zake kwa mwandishi Ibn Juzayy, hata kitabu kikatimia mwaka 1355, ndipo alipopata kazi ya kufanya kwa mambo aliyoyaona, na inasemekana alimaliza umri wake akiwa kadhi, yaani mtu wa kukaa mahali pamoja na kusikiliza magomvi ya watu wa mahali hapo.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyepita bara kwa misafara zaidi ya miongo miwili, akarejea Unguja mwaka 1891 na kukaa humo mpaka kufa kwake mwaka 1905, naye pia aliyaandika maisha yake, kwa Kiswahili. Lakini siwezi kumtaja kwa kustarehe. Mali aliyorudi nayo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, watu waliotolewa makwao ambao hawakupata marejeo yoyote. Na Burundi yenyewe iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo aliyazuia majeshi ya wafanya biashara waliotoka upande wa Ujiji. Tunapoifafanua methali hii yatupasa kukumbuka kwamba marejeo ni haki, na kwamba wako walionyang'anywa haki hiyo ili wengine warudi matajiri. Dereva wa Mwakiro aliyerudi na mikono mitupu, ila hakumdhulumu mtu barabarani, amerudi na kitu.

Wala nisidhaniwe kwamba naidharau barabara. Ina maadili yake: ukarimu wa dereva kwa dereva lori liharibikapo porini, subira ya foleni, kujua kusema na Mgogo na Msukuma na Mhangaza kila mmoja kwa adabu yake. Ni hasara kubwa mambo hayo yakifungiwa ndani ya kifua cha mzee aketiye barazani akihadithia. Watu wa mlimani wanamhitaji mtu ajuaye bei za Kahama, ajuaye kusoma karatasi ya forodha, awezaye kutengeneza mashine ya kusagia. Akiyatoa hayo kwa upole, bila kuwaambia kila mara kwamba Dar es Salaam mambo hufanywa vingine, atakuwa ameyateremsha ngamani aliyoyachuma omoni.

Na kwa wale walio bado njiani, shauri langu ni kwamba marejeo yaanzwe mapema. Dereva aombe likizo yake wakati wa kupanda, si wakati wa sikukuu peke yake. Ahudhurie mazishi ya mlima wake kila awezapo. Mkewe amsimulie kwa simu habari za shamba na za shule, naye asikilize mpaka mwisho bila kukimbilia kutoa amri. Na apande kahawa yake sasa, akiwa bado ana nguvu na mshahara, kwa kuwa mche wa kahawa hukaa miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa.