Je, Mahali Pasipo Mtu Ni Mahali Pasipo Mwenyewe?

Siku moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja mchimbaji wa shaba aliniuliza neno lililonishinda. Sisi tunakaa upande wa Kolwezi. Kijana huyo aliona kwa macho yake nyumba ya mama yake ikivunjwa, kwa sababu madini yalionekana chini ya mtaa wao, na malipo waliyopewa hayakutosha kujenga nyingine. Akasema: « Mwalimu, nasikia kuna watu wanaotaka kuchimba shaba chini ya bahari. Si afadhali? Kule hakuna mama wa kufukuzwa. » Nikamjibu upesi: « Ndiyo, afadhali. » Tukaagana. Lakini usiku neno lake lilinirudia, nikaona kwamba nilijibu bila kujua shaba hiyo imetoka wapi. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza. Leo nataka kumjibu tena, mbele yenu wasomaji.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Chini ya bahari kuu kuna safu za milima yenye nyufa. Maji ya bahari huingia katika nyufa hizo, hushuka ndani ya mwamba, mpaka karibu na mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Huko maji hubadilika kabisa. Huacha ndani ya mwamba madini yaitwayo magnezi, hupoteza oksijeni yake, huwa makali kama asidi. Ndipo huanza kuula mwamba na kuchukua ndani yake chuma, shaba, zinki na manganizi, pamoja na ile hewa ya kiberiti inayonuka kama yai bovu. Wachimbaji wa kwetu watanielewa upesi, maana hata katika viwanda vyetu asidi ndiyo inayoitoa shaba katika mawe. Kumbe bahari ilijua kazi hiyo kabla ya kiwanda chochote!

Kisha maji hayo hupanda tena, yakiwa na moto wa digri 350 na zaidi. Hayageuki kuwa mvuke, kwa sababu uzito wa bahari huyakandamiza: kwa kina cha mita 2,500 uzito huo ni kama mara 250 ya uzito wa hewa unaotukalia sisi hapa juu. Yanapotoka na kukutana na maji baridi ya digri 2, chuma na shaba hushikana na kiberiti, vikawa unga mweusi unaopanda kama moshi. Si moshi, maana hakuna kinachoungua. Sehemu ya unga huo huganda pembeni na kujenga dohani ya mawe. Shaba inayotamaniwa ndiyo hiyo.

Niruhusuni nikae kidogo juu ya magnezi, ingawa wengine watachoka. Mito yote ya dunia hupeleka magnezi baharini kila siku. Mbona bahari haizidi kujaa magnezi? Wenye elimu ya kemia walitafuta siku nyingi mahali inapokwenda, na chemchemi hizo za moto ziliwapa sehemu kubwa ya jibu: maji yakiingia na magnezi, hutoka karibu bila magnezi kabisa. Yaani mahali tunapopaita patupu hufanya kazi kwa ajili ya bahari nzima, kama figo ndani ya mwili. Nani kati yetu ameona figo yake?

Chemchemi hizo ziligunduliwa mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, na watu waliozama katika chombo kidogo kiitwacho Alvin. Walikuwa wataalamu wa mawe na wa maji. Hakuna aliyekuja kutafuta wanyama. Lakini katika giza lile walikuta chaza wakubwa, kaa, na minyoo mirefu kuliko mtu, yenye vichwa vyekundu. Mwaka 1979, mbele ya pwani ya Mexico, zikaonekana zile dohani za unga mweusi, na moto wake ukaharibu kifaa cha kupimia joto.

Minyoo hiyo haina kinywa wala tumbo la chakula. Inaishije? Mwaka 1981 mwanafunzi wa Harvard, Colleen Cavanaugh, alieleza kwamba ndani ya miili yao wamo vijidudu vinavyotumia ile hewa ya kiberiti kama sisi tunavyotumia kuni, na kwa nguvu hiyo hutengeneza chakula. Hewa hiyo hiyo ikimjaa mtu kifuani humwua. Lakini tusiseme kwamba viumbe hawa hawana deni kwa jua: oksijeni wanayoihitaji imetoka kwa mimea inayoishi kwenye mwanga, juu kabisa.

Wala haya si mambo ya bahari za mbali tu. Katika ziwa letu Tanganyika, upande wa Kongo, chemchemi za moto zilionekana chini ya maji mwaka 1987, mahali paitwapo Pemba (si kile kisiwa cha Pemba) na kwenye rasi ya Banza. Mwaka 1991 wazamiaji kumi walirudi wakazipima: kina mpaka mita 46, joto la digri 53 mpaka 103. Kule Banza zina dohani za chokaa, ile ndefu haifiki kiuno cha mtu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Neno lake lina uzito, tusilidharau. Mtu si konokono. Kama ni lazima kuchagua kati ya nyumba ya mama na dohani ya baharini, sitasita. Tena shaba inahitajiwa: waya za taa za hospitali hazifanywi kwa udongo. Wengine husema zichimbwe dohani zilizopoa tu, ambazo wanyama wake wamekwisha kuondoka. Hoja hiyo naiona nzito kuliko zote.

Lakini angalieni neno « hakuna mtu ». Katika seminari tulifundishwa kutenganisha vitu viwili: mali isiyo na mwenyewe, na mali ya wote. Ya kwanza ni ya yule anayewahi kuiokota. Ya pili haokoti mtu bila kuwauliza wengine. Mwaka 1967 Arvid Pardo, balozi wa Malta, alisimama katika Umoja wa Mataifa akaomba kwamba chini ya bahari, nje ya mipaka ya nchi, pawe urithi wa wanadamu wote. Na mapatano ya mwaka 1982 yakaliandika neno hilo. Basi hata mchimbaji wa Kolwezi ambaye hajaiona bahari ana fungu lake kule. Je, nani amemwuliza?

Sisi Wakongo tunajua vema maneno ya namna hiyo. Mwaka 1885 serikali ya Mfalme Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya serikali. Ardhi tupu! Wazee wetu waliwinda humo, walikata miti humo, waliacha mashamba yapumzike humo. Aliyeandika hakuona nyumba, akaandika « tupu ».

Ndiyo maana nasema kwamba anayetafuta mahali pasipo mtu, mara nyingi anatafuta mahali asipoulizwa. Mama wa kijana hakuumizwa kwa kuwa aliishi juu ya madini. Aliumizwa kwa kuwa hakuhesabiwa. Mtu yule yule akishuka baharini, atahesabu nini? Katika Bahari ya Hindi kuna konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye chuma na kiberiti. Mwaka 2019 aliandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya uchimbaji unaotazamiwa tu. Na Papua New Guinea ilitoa ruhusa mwaka 2011 ya kuchimba mahali paitwapo Solwara 1. Serikali yenyewe ilitia fedha. Mwaka 2019 kompani ilifilisika kabla ya kuchimba. Fedha za watu zilipotea, na kule pia ilikuwa imesemwa kwamba hakuna mtu.

Kwa hiyo nalifuta jibu langu la kwanza. Kama shaba ya bahari itachukuliwa siku moja, ichukuliwe na watu waliokwisha kujifunza kuhesabu hapa juu, mbele ya macho yetu.

Nilipomweleza kijana haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: « Nimefahamu, Mwalimu. Lakini mama bado analala kwa dada yake. » Ni kweli. Tumeandika barua ya pili juu ya nyumba ile, nami nimeweka jina langu chini yake. Jibu halijafika.