Bibi Harusi Naye Ametumwa

Nawaandikia ninyi mliofunga ndoa juzi na leo mnafunga mizigo. Kanisa limewaombea, majina yenu yametangazwa mbele ya usharika, kwaya imeimba, na kila anayewapa mkono mlangoni anauliza lile lile: "Mnaondoka lini?" Wengine mnakwenda kaskazini mwa Msumbiji, wengine Sudan Kusini, wengine Chad, wengine Asia, kwenye miji ambayo hatuitaji hadharani kwa ajili ya usalama wenu. Moyo wangu unawashangilia. Lakini kabla hamjapanda ndege nina neno, nalo nitalisema kwa sauti kuu, maana nimelisikia likinong'onwa majikoni mwaka hata mwaka bila kufika kwenye kikao cha wazee. Huyu bibi harusi, nani amemwuliza?

Mume ana wito. Ana ushuhuda, amepita chuo cha misheni, amehojiwa na halmashauri, amewekewa mikono. Mke ana tiketi. Anahesabiwa pamoja na mabegi, kilo 23 hapa na kilo 23 pale. Nasema mbele za Mungu kwamba hiyo ni dhambi, na si dhambi ya maharusi. Ni yetu sisi tunaowatuma.

Fungueni Biblia zenu mwatazame Akila na Prisila. Agano Jipya linawataja mara 6, na mara zote 6 wametajwa pamoja. Kaisari Klaudio alipowaamuru Wayahudi watoke Rumi, walihamia Korintho, wakashona mahema, wakampokea Paulo akafanya kazi pamoja nao. Wakavuka bahari mpaka Efeso. Huko akatokea Apolo, msemaji hodari mwenye kuyajua Maandiko, naye akachukuliwa kando akafundishwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na mume na mke. Baadaye tunawakuta tena Rumi, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Miji mitatu, bahari katikati, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Akila alihubiri na Prisila akabaki akiangalia sufuria.

Sasa nawapeleka Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1812. Tarehe 5 Februari binti aitwaye Ann Hasseltine aliolewa na Adoniram Judson. Kesho yake mumewe akawekewa mikono mjini Salem, na tarehe 19 mwezi ule ule wakapanda merikebu kwenda India. Siku 14! Fungate yao waliila baharini. Kwa haraka ile mtu angedhani binti alikokotwa. Sivyo kabisa. Zaidi ya mwaka kabla ya harusi, Judson alimwandikia baba wa binti barua ya posa ambayo wazazi wengi wa leo wangeichana. Hakumficha kitu. Alimwuliza kama yu tayari kuagana na mwanawe na pengine asimwone tena chini ya jua. Kama yu tayari binti apatwe na hatari za bahari, maradhi ya nchi ya joto, ufukara, matusi, mateso, hata kifo cha kikatili. Baba akamwachia binti aamue mwenyewe. Ann akapima, akaomba, akaitika kwa kinywa chake.

Mwitikio ule ulizaa nini? Kutoka India walifika Burma, na kule aliisoma lugha mpaka akaandika katekisimu kwa Kiburma. Vita vya Waingereza na Waburma vilipozuka mwaka 1824 mumewe akatupwa gerezani kwa kudhaniwa jasusi. Ann, akiwa na mimba na baadaye na mtoto mchanga mgongoni, ndiye aliyepeleka chakula gerezani, ndiye aliyebisha hodi kwa wakubwa mmoja baada ya mwingine, ndiye aliyefukia ardhini muswada wa tafsiri ya Agano Jipya usije ukaharibiwa. Alifariki mwaka 1826, mbali na kwao. Sisemi alipata maisha mepesi. Nasema hakuwa mzigo wa mtu. Alikuwa mjumbe, na alijua ametumwa na nani.

Mtazameni na Dorothy, mke wa William Carey, yule tunayemwita baba wa misheni za kisasa. Mwaka 1793 Dorothy alikataa kwenda India. Alikuwa na mimba na watoto wadogo. Mumewe akaazimia kutangulia na mtoto wao wa kwanza. Safari ikachelewa, mtoto akazaliwa, na katika siku zile za mwisho Dorothy akashawishiwa tena hata akakubali, na dada yake akaenda naye. Mwaka uliofuata mwanawe Peter, wa miaka 5, akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Akili ya mama yule ikavurugika, haikurudi tena. Akafa huko huko India, Serampore, mwaka 1807. Carey alitafsiri Maandiko kwa lugha nyingi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake; lakini alipokuwa mezani akitafsiri, mkewe alikuwa chumba cha pili akipiga kelele kwa wazimu. Kila sikukuu ya misheni tunasimulia habari za Carey. Ni lini mara ya mwisho mlisikia jina la Dorothy likitajwa madhabahuni?

Carey simhukumu. Walikuwa wa mwanzo, hawakuwa na wa kuwaonyesha njia. Sisi tumeonyeshwa. Hatuna udhuru.

Kijana wangu, mume mpya, nisikilize. Wakati wa uchumba ulimwambia una wito, naye akakujibu kwamba ulipo ndipo atakapokuwa. Maneno ya uchumba ni matamu, lakini si wito. Mwulize tena sasa, akiwa mke, akiwa amechoka, akiwa haoni tena haya kukukatalia.

Niliwahi kukaa na maharusi wa namna hii katika chumba chao cha kupanga, zawadi za harusi zingali ndani ya maboksi. Kijana alikuwa na daftari. Alikuwa akigawa: hii iuzwe, hii aachiwe mama, hii tunasafiri nayo. Yakapita mahotipoti, likapita jiko la gesi, likapita godoro la sita kwa sita lililotolewa na wafanyakazi wenzake. Ikafika zamu ya cherehani ambayo binti alipewa na shangazi yake. Kijana akaandika "iuzwe" bila kuinua macho. Binti hakusema neno. Aliisukuma tu kwa mguu, taratibu, mpaka ikaingia nyuma ya mlango. Nikamwambia kijana, "Funga daftari, mwanangu. Mwulize mwenzio ana nini na hiyo cherehani." Ikachukua muda, machozi yakatangulia maneno. Kumbe kwa miezi mingi binti alikuwa akiomba Mungu ampe mlango kwa wanawake wa kule waendako, na alikuwa amekwisha kuuona: darasa la kushona, wanawake sita saba kwenye mkeka, na Neno likisomwa kati ya mshono na mshono. Hakuwa amemwambia mtu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Huduma ya mjumbe wa Mungu ilikuwa imeandikwa katika daftari la mumewe, kwenye safu ya vitu vya kuuzwa!

Nawe binti yangu, usijifiche nyuma ya unyenyekevu. Kunyamaza si utii. Kama unaogopa, sema. Musa aliogopa, Yeremia aliogopa, na Mungu hakuwafukuza mbele zake. Kama hujasikia wito, sema sasa, ungali hapa ambapo mama yako anafikika kwa daladala. Na kama umeitwa, basi siku ya kuagwa usiinuke kupunga mkono na kukaa. Shika kipaza sauti. Tupe ushuhuda wako mwenyewe, wa kwako, usio kivuli cha ushuhuda wa mumeo.

Wazee wa kanisa, someni Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 5. Mungu yule yule aliyewaongoza Israeli vitani ndiye aliyeagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe kazi ya umma, bali aachwe nyumbani kwake mwaka mzima, amfurahishe mkewe. Vita vilikuwa vya Bwana, na bado Bwana akasema, huyu mwacheni! Nasi tunafanyaje? Tunawafungisha ndoa mwezi wa sita, mwezi wa saba wako barabarani wakitafuta wachangiaji. Ijumaa basi la Singida, Jumapili ibada mbili za Dodoma, Jumatano kikundi cha maombi cha Morogoro, wanalala kwenye nyumba za watu, mara nyingine mume na wanaume, mke na mabinti wa mwenyeji. Ugomvi wao wa kwanza wanaumeza ndani ya basi kwa sababu kesho wanashuhudia. Wapeni nafasi wagombane na kupatana nyumbani kwao! Wapike, wauguzane, wajuane tabia, wajifunze kuomba pamoja bila watu kuwatazama. Anayemwambia mke wake "nisamehe" kwa lugha yake mwenyewe ndiye atakayeweza kuwahubiri msamaha watu wa lugha nyingine.

Najua yupo atakayelishika neno hili vibaya, afanye kama yule wa Luka 14 aliyeikataa karamu kwa sababu ameoa. Hapana. Mwaka wa nyumbani si likizo ya kumkimbia Mungu. Mwaka wa nyumbani ni maandalizi, na atakayeutumia kununua kiwanja na kusahau safari atajibu mwenyewe.

Na sasa fedha. Nani kati yetu hakuchangia harusi ile? Kadi zilitembea, kamati ilikaa vikao wiki hata wiki, mweka hazina akatupigia simu mpaka tukalipa ahadi. Ukumbi ukapambwa, keki ikakatwa, mpiga picha akalipwa. Kamati ikavunjwa kwa pilau na soda. Hao hao maharusi walipoleta fomu za kuwategemeza kila mwezi shambani mwa Bwana, tuliandika ahadi, na mwezi wa tatu tukaanza kujibu kwa ujumbe mfupi kwamba mambo hayajakaa sawa. Je, Mungu ni wa kupewa jioni moja ya vifijo? Ninyi mliokuwa kwenye kamati ile, rudini! Utangueni ule uamuzi wa kuivunja kamati. Kaeni tena, mwenyekiti yule yule, mweka hazina yule yule, daftari lile lile, na safari hii mchange kwa ajili ya kodi ya nyumba ya ugenini, bima ya afya, na mwalimu wa lugha.

Mwalimu wa lugha kwa wote wawili, nasisitiza. Mara ngapi mume anakwenda darasani na mke anabaki jikoni? Miaka miwili baadaye bwana anahubiri, na bibi hawezi kununua nyanya bila mkalimani. Huo ni upweke, na upweke unaua ndoa polepole. Katika miaka ya 1940 Festo Kivengere, kijana wa uamsho kutoka Kigezi, Uganda, alikuja na mkewe Mera kukaa Dodoma, akafundisha shule. Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao. Mwaka 1960, Billy Graham alipohubiri Moshi, aliyesimama kando yake akiyageuza maneno yale kuwa Kiswahili alikuwa Kivengere. Lugha ya ugenini inapatikana kwa miaka ya kukaa na watu, na miaka hiyo ni haki ya mke kama ilivyo ya mume.

Afya nayo msiifanyie mchezo kwa kisingizio cha imani. Rosine Krapf alifika Mombasa na mumewe, mmisionari Ludwig, mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka ule ule, siku chache baada ya kujifungua, homa ikamwua, na kitoto chake cha kike kikamfuata. Walikuwa wameoana mwaka 1842. Wao hawakuwa na dawa tulizo nazo sisi. Ninyi nendeni kliniki mapema, mwende wote wawili. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo cheti chenu hakitakubaliwa mpakani. Na dada, kama unahisi una mimba, mwambie mhudumu kabla hujakunja mkono wa nguo, kwa maana chanjo ile kwa kawaida hapewi mjamzito bila kupimwa hatari iliyopo. Jueni hospitali ya kule iko wapi, na nani atawapeleka usiku.

Neno moja kwa wazazi. Baba, mama, najua mnalia. Mlimsomesha binti mkitumaini atawazika. Lieni, wala msione aibu. Lakini msimwulize kila simu kama ana habari njema ya mtoto. Ana mengi kifuani. Nanyi wazazi wa kijana, msimwambie mkwe wenu kwamba kazi yake kule ni kumtunza mtumishi wa Mungu. Yeye naye ni mtumishi wa Mungu. Mwambieni hivyo kabla hajaondoka, mkimtazama usoni, mkimwita kwa jina lake.

Wasimamizi wa harusi, mlisimama nao madhabahuni mkaahidi kuwatunza. Bado hamjamaliza. Nendeni kwao wiki hii, kabla ya Jumapili ya kuagwa. Msiende na zawadi nyingine, vyombo vinatosha. Ketini, mkatae chai ya haraka, na swali la wito mwulizeni bibi harusi kwanza. Akisema bado hayuko tayari, waambieni wazee tiketi isogezwe mbele.