Kadari ya Nani?

Shangazi yangu wa Tanga akimpata mwanamke aliyechelewa kuzaa, salamu huja baadaye. Kwanza humbonyeza chini ya kitovu, kisha hutoa hukumu: "Una mchango, mwanangu." Nami nilihukumiwa hivyo. Nikachemshiwa mizizi, nikainywa kabla ya chai. Shehe wa mtaani akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, nikayanywa hayo pia. Yule aliyetaka kunipigia ramli, eti ajue kama nina jini mahaba, nilimwachia ubani wake. Mambo ya ghaibu ni ya Mungu peke yake. Hospitali nako nikapigwa picha ya mirija. Dawa inaposukumwa mle ndani, mtu anakumbuka dua zote alizofundishwa chuoni. Mirija ikaonekana wazi.

Wapo wanaosema kuhangaika huku ni upungufu wa imani. Siafiki. Mtume mwenyewe kahimiza watu wajitibu.

Linalonikera ni kwamba kote huko nilikwenda mimi. Daktari alipomwandikia mume wangu kipimo cha mbegu, karatasi ikalala kabatini. Nikimkumbusha, "Subira, mke wangu. Haya ni ya Mungu." Na madaktari wanajua fika kwamba karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume naye ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chenyewe ni kikombe cha plastiki na siku chache za kujizuia. Hakuna sindano, hakuna mizizi. Sasa hii ni kadari gani, kwangu inachunguzwa hadi ndani ya mirija, ikifika kwake inataka kunyamaziwa?

Surat Maryam tunaisoma sana tukitafuta watoto, ila tunapita haraka mahali pamoja. Nabii Zakaria alipoomba mrithi alianza na mwili wake mwenyewe: mifupa imedhoofika, kichwa kimejaa mvi. Utasa wa mkewe aliutaja baadaye. Nabii mzima, akajianika yeye kwanza mbele ya Mola wake, na wala hakuna aliyemwona si mwanamume.

Nilimweleza mume wangu hayo tukingoja Isha. Akasema Zakaria alikuwa mzee, yeye bado kijana.

"Basi kijana," nikamwambia, "unaogopa nini kikombe?"