Kukamatwa Si Kuhukumiwa, na Kusitiri Si Kusema Uwongo



Katika masuala wanayouliza sana vijana wetu wanaotaka kwenda kutafuta riziki ng'ambo, liko moja lipasalo kuzingatiwa kwa utulivu. Mtu aliyepata kukamatwa na polisi, naye sasa anaomba viza ya kazi, akilikuta swali la kukamatwa katika fomu, ajibu nini? Suala hili laulizwa Mombasa na Lamu, na laulizwa vile vile bara, katika vitongoji kama Matisi, kandokando ya mji wa Kitale.

Watu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema: andika kuwa hukukamatwa, kwani hao ni wageni na hawakujui. Wa pili husema: aliyeingia mikononi mwa askari ameshachafuka, na akae kwao. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea.

Tuanze na hili la pili. Kukamatwa ni kitendo cha askari. Kushtakiwa ni madai ya serikali. Kuhukumiwa ni neno la hakimu baada ya ushahidi. Haya ni mambo matatu, wala moja si jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hatia ithibitike. Ikiwa mshtakiwa ni hivyo, seuze aliyekamatwa akaachiliwa bila ya kushtakiwa?

Na mfano uko karibu na watu wa Kitale na Bungoma. Mwezi wa Machi 2008 jeshi lilipelekwa Mlima Elgon, katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, kupambana na wapiganaji wa SLDF, ambao nao walikuwa wamewaua na kuwatesa raia. Wanaume walikamatwa kwa maelfu, wakakusanywa katika kambi ya Kapkota, na wengi wakapigwa. Mamia walifikishwa mahakamani. Wengi zaidi waliachiliwa bila ya shtaka lolote. Je, mtu aliyechukuliwa nyumbani kwake kwa kuwa ni mwanamume tu, aitwe mhalifu maisha yake yote?

Hata hukumu yenyewe si mwisho wa mtu. Kapenguria, kaskazini ya Kitale, ndiko alikohukumiwa Jomo Kenyatta kifungo cha miaka saba, tarehe 8 Aprili 1953. Mwaka 1963 alikuwa Waziri Mkuu, akauongoza ujumbe wa Kenya mkutanoni London, mbele ya dola ile ile iliyomfunga.

Sasa tuligeukie kundi la kwanza. Hapana shaka kwamba sitara ni jambo jema, na mtu halazimiki kuyatangaza ya nyuma yake kwa asiyemuuliza. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kutia sahihi juu ya uwongo ni kitu kingine. Anayeijaza fomu ametoa ushahidi. Basi na alijibu swali kwa maneno yake lilivyoulizwa. Likiwa lauliza juu ya kuhukumiwa, aliyekamatwa akaachiliwa atajibu hapana, naye amesema kweli. Likiwa lauliza juu ya kukamatwa, kama iulizavyo fomu ya viza ya Marekani, hata kwa aliyesamehewa, basi jibu la kweli ni ndiyo, pamoja na maelezo na karatasi za mahakama ikiwa zipo.

Atasema mtu: swali hilo lenyewe ni dhulma. Huenda ikawa hivyo. Lakini swali la dhulma humruhusu mtu kuiacha fomu. Halimruhusu kuchukua kwa hila kitu alichowekewa sharti.

Tena uwongo huo una madhara yake. Kwa sheria ya Marekani, adanganyaye katika jambo la msingi ili apate viza aweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Uingereza, miaka kumi. Kanada, miaka mitano. Na huko Marekani kukamatwa peke yake, pasipo hukumu, kwa kawaida si sababu ya kumnyima mtu viza. Basi wangapi wamekimbia jambo dogo wakaangukia kubwa! Na wakala aliyemfundisha mtu uwongo huo huishika siri yake, akaweza kumtoza na kumtisha apendavyo.

Yatazame mafundisho ya Nabii Yusuf katika sura iitwayo kwa jina lake. Mfalme alipomwita kutoka gerezani, hakukimbilia kutoka. Alitaka kwanza kesi yake ichunguzwe, na ukweli ulipodhihiri ndipo alipoomba kazi ya kulinda hazina, katika nchi isiyokuwa yake. Hakukificha kifungo, wala hakukubali kifungo kiwe ndiyo khabari yake yote.

Hatusemi kwamba msema kweli hatanyimwa. Aweza kunyimwa, na hiyo ni hasara ya kweli kwa mtu ambaye wazee wake wanamngoja awainue. Hapa ndipo wajibu unapotuhusu sisi. Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Yakiwapo humo maandishi ya uwongo au ya kupotosha yanayomdhuru mtu, kifungu cha 35 cha Katiba champa haki ya kutaka yasahihishwe au yafutwe. Lakini haki hiyo yataka barua, yataka nauli, na pengine yataka wakili. Sisi tunaochangiana kwa harusi, kwa nini tusichangiane kwa kumsafishia kijana jina lake?

Na mwenye duka anayekataa kumwajiri kijana kwa kuwa alilala mahabusu usiku mmoja, asiwalaumu makarani wa balozi. Wao hawamjui kijana yule. Yeye amemwona akikua.