Kasoro ya pikipiki: Nani aiseme?

Nilipohamia Mbulu nikitokea Dar es Salaam, nilinunua pikipiki iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja. Wiki ya pili moshi ukafuka. Fundi akaniambia injini imekwisha. Ilitiwa oili nzito ili kuficha ugonjwa. Nilipomrudia muuzaji akajibu: "Si uliiona mwenyewe?"

Ndugu msomaji, kumlaumu huyo ni rahisi. Mtihani ulinijia nilipotaka kuiuza. Kijana wa bodaboda kutoka Katesh alikuja na fedha taslimu. Nafsi ikaninong'oneza: nawe ulidhulumiwa, rudisha chako. Lakini je, aliyenidhulumu ni kijana huyu? Na injini ikikamata akiteremka Dareda na abiria, damu hiyo itakuwa juu ya nani?

Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa, alimkemea mwenye mali kwa kuficha. Fiqhi nayo humpa mnunuzi haki ya kurudisha chenye kasoro iliyofichwa.

Nilimweleza yote. Akaondoka. Nikaiuza kwa fundi kama vipuri, kwa hasara. Dhulma haiishi kwa kumbebesha mwingine. Huishia kwa anayekataa kuipitisha.

Wallahu a'lam.